Aliyetoka Nyuma ya Kioo

Wasikilizaji wapendwa, leo nimechoka, wala sitawaficha. Fundi wetu wa sauti, Ok Seon-hwa, ametutoka. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Ok Seon-hwa, binti wa hapa Namwon, fundi wetu wa sauti, amefariki dunia. Ni moyo, wamesema madaktari. Nimezika wenzangu wengi katika kazi hii, lakini huyu amenimaliza.

Mama yake, Bibi Pyo Mal-lye, aliimba pansori, zile hadithi zetu za kuimbwa kwa ngoma, tangu usichana. Koo lilipougua, daktari alimwambia wazi: upasuaji utaokoa maisha, lakini sauti itakwenda. Wakati huo Seon-hwa alikuwa Seoul akisomea uhandisi wa sauti. Akaomba studio ya chuo kwa siku moja. Siku moja tu, kabla mama hajalazwa.

Akafanya kama alivyofundishwa. Akamweka mama peke yake kwenye chumba cha kioo, visikizi masikioni. Mpiga ngoma, Mzee Gu, chumba kingine. Yeye mwenyewe nyuma ya kioo, kimya, mkono kwenye mitambo.

Mama aliimba kidogo, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza.

"Mama, vipi? Koo?"

"Koo gani! Nani ananiitikia humu? Umenifungia kama kabichi ya kimchi mtungini!"

"Lakini mama, kelele zitaharibu rekodi. Mwalimu amesema..."

"Basi aje aimbe huyo mwalimu wako!"

Nanyi mnajua, wasikilizaji wapendwa. Pansori bila mtu wa kuitikia ni kuzungumza na mlango. Mtoto aliyelelewa kwenye nyimbo hizo alikuwa amelisahau hilo, maana masomo yalikuwa yamemjaa kichwani.

Mdogo wake, bwana Ok Jun-pyo, alikuwepo. Anasimulia: "Dada aliitazama ile mitambo kama mtu aliyefiwa. Kisha akainuka. Akamleta Mzee Gu kwa mama, akaacha maikrofoni moja tu, akaketi sakafuni karibu nao. Mama alipoanza, dada akamwitikia kwa sauti: 'Eolssigu!' Mama akacheka, akaimba mpaka jioni."

Akaiwasilisha rekodi hiyo chuoni kama kazi yake ya masomo, wakampa alama mbaya. Fundi anasikika ndani ya rekodi, walisema. Mama akapasuliwa, akapona, sauti ikaenda. Seon-hwa akarudi Namwon, na miaka yote akawarekodi waimbaji wetu hapa redioni, nyuma ya kioo, kimya.

Jana nilikuwa msibani. Supu ilipoa mezani, hakuna aliyeigusa. Jun-pyo akaniambia, "Tumetafuta sauti ya dada kila mahali. Amerekodi watu wote, yeye hayumo. Yumo kwenye ile rekodi ya mama tu."

Bibi Pyo alikuwa akiisikiliza. Nilidhani anausikiliza wimbo wake. Sivyo. Anaupitisha wimbo haraka mpaka kwenye ule mwitikio wa binti yake. Akiusikia, anapiga sakafu kwa kiganja, kwa kuwa hana tena sauti ya kumjibu. Halafu anaurudisha nyuma.

Bibi, na wewe Jun-pyo, poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwenu yumo mtu anayewashughulikia wengine, na hakuna anayemsikiliza. Mketi naye leo, mumwache aongee.

Bibi, najua redio yako iko wazi. Jun-pyo ameturuhusu kuipiga rekodi hiyo. Anayeimba ni wewe, anayepiga ngoma ni Mzee Gu. Wasikilizaji wapendwa, msikilizeni Seon-hwa.