Miezi Saba na Wimbo Mmoja

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, limebanwa kati ya meza yangu ya kushonea viatu na mlango wa kinyozi. Wenye benchi tuko wanne. Mimi fundi viatu wananiita Shemasi, ingawa kanisani ni mtu wa viti vya nyuma. Kinyozi ni Kinyozi. Nadhani hata mkewe jina jingine halikumbuki. Kipimo ni seremala aliyestaafu kazi lakini hakustaafu futi, bado anatembea nayo mfukoni, na hawezi kukaa mahali bila kujua upana wake. Halafu yupo Mama Kahawa, mwenye birika na vikombe sita, anayetusikiliza wote na hana haraka ya kumkubali yeyote. Alhamisi hiyo, saa nane mchana, niliwawekea wenzangu jambo mezani. Nilikuwa na miezi saba tangu nianze kujifunza gitaa. Jumapili mjukuu wangu anabatizwa, na saa kumi mwalimu wa kwaya angepita kuchukua jibu: nitaupiga wimbo wa ubatizo, au amwambie mtu wa kinanda ajiandae.

– Sasa wewe mwenyewe unajionaje? – Kinyozi akauliza, mashine ya kunyolea ikiwa mkononi.

– Ningejiona nisingewauliza nyie.

– Lete vidole.

Nikampa mkono wa kushoto. Akavibonyeza vidole kimoja kimoja kama anavyobonyeza vichwa vya wateja wake kutafuta mapunye.

– Vina sugu – akasema. – Vidole vikishaota sugu mtu kaiva. Mwambie mwalimu ndiyo.

– Hizo sugu alikuwa nazo kabla ya gitaa – akasema Mama Kahawa. – Ni za sindano ya viatu. Kwa kipimo hicho mafundi viatu wote wangekuwa wanamuziki.

Kinyozi akaniachia mkono. Kipimo akakohoa, na Kipimo akikohoa ujue kuna hesabu.

– Mambo ya sugu ni ya kukisia. Mimi nimempima kwa saa. Kutoka mshiko ule wa G kwenda ule wa C, kuhamisha vidole tu, mwezi wa kwanza alikuwa anatumia sekunde nane. Wiki iliyopita tatu. Kila mwezi anapunguza.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo akiendelea hivyo, mwezi wa kumi na mbili atakuwa anafika kabla hajaondoka.

– Mzee, hapo umepita kituo – Kinyozi akasema.

– Hesabu haina kituo.

Mama Kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Akasema bila kuinua kichwa:

– Mimi naangalia wateja. Mwaka ulipoanza, Shemasi akishika gitaa, watu walikuwa wanameza kahawa ikiwa ya moto hivyo hivyo ili waondoke. Siku hizi wanaipuliza kwanza.

– Umeona, Shemasi? – Kinyozi akasema. – Hayo ni maendeleo.

– Au wamezoea – akasema Mama Kahawa. – Hata jirani wa mashine ya kuchomelea vyuma tumemzoea.

Nicheke au nisicheke, sikujua. Hapa inabidi nikiri kosa langu, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini nilikuwa natoka jasho kivulini. Mwezi wa tatu binti yangu alinipigia simu kuuliza gitaa linaendeleaje, nami nikamwambia wimbo wa ubatizo naujua wote. Nilisema ili afurahi. Akafurahi kweli, akawaambia na wakwe zake. Sasa uongo wangu ulikuwa unakuja Jumapili na wakwe sita, kukaa viti vya mbele.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja aliyevaa sare ya wauguzi, anachechemea, kisigino cha kiatu mkononi. Sikuwahi kumwona pale mtaani. Nikampisha kwenye benchi, nikamwekea boksi la kukanyagia mguu mtupu, nikapaka gundi kiatu chake.

– Ngoja ikauke kidogo, dada, ndipo nigonge misumari.

– Hakuna shida, fundi. Leo natoka kazini, siendi.

Kinyozi hakuwa amemaliza.

– Tumsahau mteja wa kahawa, tumwangalie mteja wangu. Jumanne Shemasi anapiga, mzee mmoja akasinzia huku namnyoa ndevu. Wembe uko shingoni, yeye anakoroma. Muziki mbaya haulazi mtu chini ya wembe.

– Mzee huyo ni mlinzi – akasema Kipimo. – Analala hata kwenye foleni ya maji.

– Basi angalieni uso. Mimi namwona kwenye kioo changu kila siku. Zamani akipiga alikuwa anatoa ulimi. Sasa ulimi umerudi ndani. Mpigaji aliyekomaa ana uso wa mtu anayenyolewa, hana habari na lolote.

– Na nyuzi je? – Kipimo akadakia. – Mwezi wa kwanza alikata nyuzi tatu. Tangu hapo hajakata hata mmoja. Gitaa likishamkubali mtu halikati nyuzi. Linamjua kwa harufu, kama mbuzi anavyomjua anayemkamua.

– Au nyuzi zimekata tamaa – akasema Mama Kahawa.

– Shemasi, shika gitaa – akasema Kipimo, akatoa simu yake yenye saa. – Tubishane na kitu tunachokisikia.

Gundi ilikuwa haijakauka, sikuwa na kisingizio. Nikalichukua gitaa, nikapiga. Mstari wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda vizuri. Nikafika mlangoni mwa kiitikio, penye ile F inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote, kidole kikateleza. Nikaanza upya. Nikafika palepale, nikateleza tena, nikaanza upya. Mara ya tatu Kinyozi akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

– Sekunde mbili na nusu – akasema Kipimo. – Kashuka tena.

– Na ulimi ndani – akasema Kinyozi. – Mwambie mwalimu ndiyo.

Yule muuguzi alikuwa ametulia, mguu juu ya boksi. Akasema kwa adabu:

– Samahani, fundi. Wimbo wenyewe mzuri. Unaishaje?

Kipimo akaangalia simu yake kana kwamba jibu lingekuwa mle.

– Unaisha... – akaanza Kinyozi. – Si huu, unakwenda hivi. – Akauimba kwa midomo iliyofungwa, mstari wa kwanza, wa pili, akafika mlangoni mwa kiitikio, akarudi mstari wa kwanza. Hakujua kama amerudi. Sisi tulijua.

– Mimi sikuwahi kupima mwisho – akasema Kipimo polepole.

– Miezi saba – akasema Mama Kahawa – mimi nilidhani wimbo wenyewe ndio huo.

Wote wakanigeukia. Nikaona hakuna pa kujificha, nikawaeleza. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kusali nikiwa mdogo. Nikipotea katikati ya sala alikuwa ananiambia nianze tena mwanzo, kwamba Mungu hapokei vipande. Nilipoanza gitaa nikaona wimbo wa kanisani nao ni sala, nikauwekea sheria ileile: nikikosea, mwanzo. Na kwenye ile F nakosea kila siku. Kwa hiyo karatasi aliyonipa mwalimu wa kwaya, nusu yake ya chini sijawahi kuigusa.

Nilingoja wacheke.

– Basi Mungu naye – akasema Mama Kahawa – miezi saba anangoja kiitikio.

Maneno hayo yaliniingia kuliko sugu na sekunde zote. Nikaitoa karatasi kwenye droo ya misumari, nikaibandika ukutani kwa tone la gundi, nikaanza. Kwenye ile F kidole kikateleza, uzi ukalia kama mlango usio na mafuta. Mikono ilitaka kurudi mwanzo yenyewe. Niliizuia kama unavyomzuia mtu asiingie barabarani. Kiitikio nilikipiga kwa kusomasoma, nikisimama kila neno. Ubeti wa pili ukafanana na wa kwanza, nikapumua. Kiitikio tena, vibaya. Kisha mstari mmoja wa mwisho ambao sikuwa nimewahi kuusikia kutoka mikononi mwangu, na wimbo ukaisha.

– Makosa kumi na tisa – akasema Kipimo, lakini kwa sauti ya chini.

– Kumbe ni mfupi – akasema muuguzi.

Nilikuwa nagonga misumari ya kisigino chake mwalimu wa kwaya alipofika, baiskeli mkononi.

– Eeh, Shemasi. Ndiyo au hapana?

– Mwalimu, wimbo nimewahi kuumaliza mara moja tu. Leo. Sasa hivi tu.

Akawatazama wenzangu, kisha ile karatasi ukutani.

– Basi kinanda kitapiga – akasema. – Wewe utakaa na gitaa pembeni yake, upige pale unapoweza. Lakini nisikilize vizuri. Ukikosea usirudi mwanzo. Kwaya haitarudi kukuchukua.

– Nimekuelewa.

– Mstari wa mwisho unaujua?

– Nimekutana nao leo.

Akacheka kidogo, akapanda baiskeli. Muuguzi akavaa kiatu, akakanyaga mara mbili kukijaribu, akashukuru, akaenda zake. Kinyozi akaingia ndani kwa mteja. Nilikaa nimeshika simu muda mrefu kuliko ulivyohitajika, Mama Kahawa akijifanya haoni. Mwisho nikabonyeza. Binti yangu akapokea na sauti ya mtoto nyuma yake, akaniamkia, akauliza kama gitaa liko tayari kwa Jumapili.

– Mwanangu – nikamwambia – ule wimbo niliokuambia mwezi wa tatu kwamba naujua wote, nimeumaliza leo.

Nikamsikia akimhamishia mtoto bega jingine.

– Na ulivyoisha, baba, uliupenda?

– Umeisha vizuri – nikasema. – Mimi ndiye niliyekuwa nachelewa.