Jina la Kucha Kwenye Piki Asiyoitaka

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu si ile mliyoizoea, na siombi radhi. Nimechefuka. Tumemzika juzi mpiga gitaa la rithimu tuliyemwita Kucha, na tayari jina lake limebandikwa kwenye kitu alichokichukia.

Kitu chenyewe ni piki. Kile kiplastiki kidogo cha kuchapia nyuzi za gitaa. Narudia, piki.

Kucha alifundisha wanaoanza, kwenye chumba cha uani chenye viti vitatu na feni mbovu. Nami nilipitia hapo. Siku ya kwanza nilichukua piki nyekundu, kwa kuwa ilinipendeza. Alicheka hadi akakohoa. "Unachagua shati? Piga kwanza, mwanangu!" Akanipa nyembamba, kisha ya wastani, kisha nene, wimbo uleule. Anayecharaza nyuzi zote kwa pamoja, alisema, nyembamba inamfaa, maana inapinda na kuteleza. Anayedonoa uzi mmoja mmoja achukue nene, haimyumbishi. "Na ikikuumiza mkono, hiyo siyo yako, hata akikusifia nani."

Yeye alipiga kwa nyembamba. Miaka kumi na tisa, bendi moja, piki nyembamba.

Ndipo kiongozi wa bendi akaleta piki nyeusi, nene, zenye nembo ya bendi. Kila mtu aitumie, hakuna mjadala. Kucha alijaribu wiki nzima, mkono ukavimba. Akamrudishia kwa heshima zote. Jibu? Mbele ya wenzake, onyesho likiwa linaanza, aliambiwa ashuke jukwaani na asirudi tena. Mkewe ananiambia, "Alirudi kalikumbatia gitaa. Hata mfuko wa gitaa walibaki nao." Loo!

Sasa sikilizeni uchafu huu. Msibani, kiongozi huyohuyo alikuja na miwani ya giza na boksi. Ndani mna piki zilezile, nyeusi, nene, safari hii zina picha ya marehemu. Zimeandikwa: Chaguo la Kucha. Na anaziuza mlangoni, macho makavu! Alimfukuza kwa ajili ya piki hiyo, sasa anamuuza kwa piki hiyohiyo. Kinyaa kitupu.

Binti wa marehemu hakupiga kelele. Alimletea gitaa la baba yake. "Anko, tupigie ule wimbo wa baba. Kwa piki hiyo uliyoiandika jina lake." Akapiga. Jamani, hata waliokuwa jikoni walitoka kuuliza kimeanguka nini. Binti akamwambia, "Umesikia mwenyewe. Lifute jina la baba."

Hakulifuta. Alibeba boksi lake akaenda zake. Najuaje? Kwa sababu leo nimekuta karatasi kwenye meza hii ya studio. Ni tangazo la Chaguo la Kucha, eti nilisome katikati ya kipindi hiki. Kipindi cha kumkumbuka yeye!

Mama, na wewe binti, poleni sana. Mlichokilinda ni haki yenu. Nanyi wasikilizaji, tujiulize: tunaposimama kumsifu marehemu, tunamsifu yeye au tunajikosha sisi?

Na wewe bosi wa kituo, uliyeniwekea karatasi hii, najua unanisikiliza humo ofisini. Katikati ya kipindi imeshapita. Tangazo lako sijalisoma, na silisomi.