Doktora Nufable, Aliyeziimba Picha za Mapafu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, Dkt. Teodora Nufable atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Eksirei ya hospitali yetu hapa Iloilo. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi, Gemma Taleon, nimeisikia sauti yake kuliko mtu mwingine yeyote ukimtoa mumewe. Na mumewe, kwa maelezo ya Doktora mwenyewe, huanza kusinzia kwenye neno la pili.

Alizaliwa Miagao, binti wa mfumaji, na tangu utotoni ana kigugumizi. Akiwa chuoni alichagua kusoma picha za eksirei kwa kuamini kwamba picha haimuulizi mtu maswali. Alipofika kazini akagundua kwamba daktari wa picha hushinda akiongea. Kila picha inataka ripoti, na kila ripoti ilisemwa kwenye kinasa sauti, kisha kaseti ikaletwa kwetu wapiga chapa.

Kaseti yake ya kwanza niliipokea nikiwa mgeni. Nikavaa visikizi, nikasikia jina la mgonjwa, kisha kimya. Nikaitoa, nikaipuliza vumbi, nikairudisha. Kimya kilekile. Nikampelekea nikamwambia imeharibika. Akaisikiliza, akatabasamu, akaniita Inday, yaani binti, kama tusemavyo huku kwetu.

“Haijaharibika, Inday. Hapo mimi na neno ‘moyo’ tunavutana. Ngoja kidogo, utasikia nikishinda.”

Kweli alishinda. Tangu siku hiyo nilijifunza kungoja, na sikuwahi kungojea bure, maana baada ya kimya kile lilikuja neno sahihi kila mara. Wenzake walimletea picha zilizowatatiza, na alikuwa akizitazama huku akimenya matunda ya lanzones, kana kwamba anasoma gazeti.

Kisha ikaja programu ya kutambua sauti. Daktari anazungumza kwenye maikrofoni, maneno yanajiandika kwenye kioo cha kompyuta, anasahihisha, anatia saini, na mgonjwa anaondoka na ripoti yake siku ileile. Kwa idara iliyochelewesha ripoti kwa wiki nzima, hiyo ilikuwa neema. Wengi hawajui kwamba aliyeipigania kwenye kikao cha wakuu ni Doktora Nufable mwenyewe, aliyejua vizuri nani ataumia. Nilimuuliza kwa nini.

“Kuna mama ametoka Guimaras kwa boti mara tatu kufuata karatasi moja,” akasema. “Mimi nitajua la kufanya.”

Hakujua. Madaktari wenzake walizoeana na programu ndani ya siku chache. Yeye ilimkataa. Akikwama kwenye neno, ilidhani ameondoka, ikajizima. Akirudia silabi, iliandika kila ilichosikia. Ripoti ya kifua cha fundi mmoja wa kuchomelea, mwanamume mwenye masharubu, ilitoka imeandikwa “mama, mama, mapafu ni safi.” Alicheka kuliko sisi sote. Lakini nilimwona akijifungia chooni baadaye, akatoka macho mekundu.

Akajaribu kuchapa mwenyewe. Vidole vyake vilishaanza kuuma kwa baridi yabisi, na foleni ya picha zake ikawa ndefu kuliko ya madaktari wengine wote kwa pamoja. Tulikuwa tumebaki wapiga chapa wawili tu, wa kuwasaidia madaktari wote kusahihisha ripoti zao. Nikamwambia nitamchapia kama zamani.

“Na mzee anayesubiri ripoti ya daktari mwingine atasahihishiwa na nani?” akaniuliza. “Hapana, Inday. Usinibebe mgongoni huku unamwangusha mtu.”

Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Dkt. Ismael Gumban, alimwita ofisini. Mlango ulibaki wazi, na mimi nilikuwa nje na mafaili.

“Doktora, hapa hakuna anayekudharau,” alisema. “Lakini watu wamejaa korido. Kuna nafasi ya kusimamia stoo ya vifaa. Mshahara uleule.”

“Stoo,” akasema Doktora.

“Ni kazi ya heshima.”

“Najua. Nipe mpaka mwisho wa mwezi u-u-ujao. Nikishindwa, nitakwenda kuhesabu glavu, na sitanung’unika.”

Mimi na Doktora tunaimba kwaya katika parokia ya Molo, sauti ya pili. Huko sijawahi kumsikia akikwama hata kwa silabi moja, na kwa miaka yote hakuna kati yetu aliyewaza kuuliza kwa nini. Jumatatu moja mchana nilimpelekea bakuli la batchoy, supu yake ya tambi, nikakuta mlango umefungwa. Ndani mtu anaimba. Nikasogeza sikio. Alikuwa akiimba wengu la mgonjwa, kwa sauti tunayoombolezea Wiki Kuu, kuanzia ukubwa wake mpaka kingo zake, bila kusita popote.

Nikafungua mlango kwa furaha. Yeye akanionyesha kioo. Programu ilikuwa imeandika upuuzi mtupu, maana haikuwahi kumsikia daktari akivuta irabu kama mwimbaji wa mazishi.

“Sasa nakosea kwa madaha,” akasema.

Tukamwita Rodel, fundi wetu wa kompyuta. Alisikiliza, akajikuna kichwa. “Doktora, hii mashine haijui muziki. Shusha kidogo. Usiimbe, ila usiongee. Fanya kama padri akisoma sala altareni.”

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila alasiri, picha zikiisha, alikaa na Rodel akiisomea programu kurasa kwa kurasa kwa sauti hiyo ya altareni, akisahihisha neno kwa neno mpaka imzoee. Siku nyingine koo lilikauka hata hakuweza kuaga. Siku moja programu ilimeza silabi moja tu, na “hakuna uvimbe” ikawa “kuna uvimbe.” Aliiona kabla ya kutia saini, akairekebisha. Kutoka hapo akaweka sheria ambayo idara inaifuata hadi leo, kwamba hakuna ripoti inayotoka kabla daktari hajaisoma upya kwa macho yake, awe na haraka ya namna gani.

Muda aliopewa ulipokwisha, Dkt. Gumban alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni wakati Doktora akisoma kifua cha dereva wa traysikel, bajaji yetu ya huku, na kwenye pafu la kushoto alikuwa ameona doa dogo sana. Sauti yake ilipanda na kushuka taratibu, maneno yakajipanga kwenye kioo moja baada ya jingine. Mkurugenzi hakumkatiza. Doktora alipomaliza, foleni yake ilikuwa tupu.

“Doktora, ulikuwa unaimba?”

“Nasoma, Dok. Mashine yangu ni Mkatoliki.”

Stoo ilipata mtu mwingine. Dereva yule alifanyiwa upasuaji mapema, na bado anaendesha. Miaka miwili baadaye Doktora akawa mkuu wa idara. Ndiye aliyepeleka mashine ya eksirei visiwani ili kutafuta kifua kikuu, na ndiye aliyewafundisha madaktari wanane wanaosoma picha katika jimbo hili. Wawili kati yao, ukipita karibu na vyumba vyao, utadhani kuna misa. Hawana kigugumizi. Wanasema tu kwamba kwa njia hiyo mashine huwasikia vizuri zaidi.

Doktora, idara hii inakushukuru kwa macho yako, kwa ukaidi wako, na kwa kuchagua wepesi wa wagonjwa ulipojua kwamba mzigo utakuangukia wewe. Bustani ya Miagao ikupokee vizuri, vidole vipone, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Baada ya wasifu huu, Dkt. Nufable atazungumza. Tulimshauri asome kwa sauti yake ya altareni, akakataa. Amesema hiyo ni ya mashine, na leo anaongea na watu. Atakwama, na atachukua muda wake. Wapishi wameshaambiwa wasubiri. Ndugu wafanyakazi, tafadhali asiwepo wa kummalizia sentensi.