Eulalie Roudier na Mlango Ambao Haukufunguliwa Jioni ya Harusi

Ndugu, jamaa na majirani wa Montarvel, kwa niaba ya familia za Roudier na Fargeas, habari za maisha ya marehemu zitasomwa na mkwe wake Josiane, mke wa mwanawe Régis, kwa kuwa watoto wenyewe wamesema hawatafika mwisho wa karatasi, naye ameziandika kama marehemu alivyotaka, bila kupamba.

Marehemu Eulalie alizaliwa tarehe 12 Machi 1924, hapa hapa Montarvel, upande wa chini, kwenye zile nyumba za watengeneza ngozi zilizokuwa kando ya mto Vernelle na ambazo sasa ni maegesho ya magari, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Basile Delmur na marehemu Zélie. Watu wa chini siku hizo walijulikana kwa harufu kabla ya kuonekana, na alipoanza shule ya masista mwaka 1930, huko juu karibu na ngome, mama yake alimsugua mikono kwa majivu kila asubuhi kabla hajapanda ngazi, na bado wasichana wa juu walivuta madawati yao kando. Alifaulu cheti cha shule ya msingi mwezi Juni 1936, hakuendelea, na mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye karakana ya visu, akifunga mipini ya pembe, kazi aliyoifanya mpaka karakana ilipofungwa mwaka 1979.

Tarehe 4 Mei 1946 alifunga ndoa na Marcellin Fargeas, mnoaji, mmoja wa wale waliofanya kazi wakilala kifudifudi juu ya mawe ya kunolea, mbwa akiwa amewalalia miguuni kuwapa joto, wakajaliwa binti mmoja, Odile, aliyezaliwa mwaka 1947. Vumbi la mawe lilimwingia Marcellin kifuani kama lilivyowaingia wanoaji wengi wa mji huu, akafariki tarehe 19 Januari 1951, na yule mbwa, marehemu alisema, alikaa chini ya benchi la karakana wiki nzima akikataa kumlalia mtu mwingine.

Tarehe 10 Oktoba 1953 aliolewa mara ya pili, na Anselme Roudier, mfua visu kwenye nyundo kubwa, mpole, asiye na maneno mengi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka saba. Wengi waliomo humu wanajua kilichofuata, au wanadhani wanajua, na marehemu aliagiza kisomwe.

Ilikuwa desturi ya Montarvel kwamba mjane akiolewa tena, hasa na kijana, watu waje jioni mlangoni kwake na sufuria, mifuniko, kengele za ng'ombe na tarumbeta ya wazimamoto, wapige kelele mpaka bwana harusi afungue mlango na kuwamiminia divai, watanie, wanywe, waende zao, na mambo yaishie hapo. Marehemu aliijua desturi hiyo, alikwisha kuweka chupa na bilauri mezani, na kelele zilipoanza, watu wakiita kutoka nje, "Anselme, toka, au mama amekukataza?" na mwingine akimjibu, "Mwacheni, bado anafungwa kamba za viatu," alikaa akimngoja mumewe ainuke, kwa sababu kufungua ilikuwa kazi ya mwanamume.

Mumewe hakuinuka. Alikuwa ameupa mlango mgongo, anakunywa supu yake ya karanga za porini, zile ziangukazo kutoka mitini, akavunja mkate, akamtazama mdomo na kumwuliza, "Mbona huli, Eulalie?" Hapo ndipo alipoelewa kwamba huyu mtu hasikii, kwamba nyundo zilikwisha kumla masikio na siku zote za uchumba alikuwa akimsoma midomo. Kwenye karakana ile aliyegundulika kuwa kiziwi aliondolewa kwenye nyundo akapewa ufagio, na hakukuwa na mwanamume wa Montarvel aliyetaka kuonekana na ufagio. Eulalie akamjibu, "Sina njaa."

Angeweza kumgusa bega na kumwonyesha mlango. Hakufanya hivyo, kwa sababu angelazimika kumweleza kwamba mji mzima uko nje unamcheka na yeye peke yake ndiye asiyejua, na pia kwa sababu, aliyasema haya waziwazi, aliona aibu kwa ajili yake, mbele ya watu ambao wangemwona anasimama kizingitini akikodolea midomo yao na kujibu kisichoulizwa. Kelele zote zile zikawa zake peke yake. Watu walirudi jioni iliyofuata na nyingine baada yake, wakachoka, wakasema mtoto wa mtengeneza ngozi amejiona bora mno hata asiwamiminie divai, na tangu hapo wakamwita Bibi Mlango. Binti yake Odile alipoingia darasani, wenzake waligonga vijiko kwenye madawati. Majina ya waliokuja jioni zile familia inayajua, na haitayasoma.

Tangu wiki ile marehemu hakukatiza tena uwanja wa soko. Wote mlimwona akizunguka kwa njia ya mtoni, Alhamisi ya soko, Jumapili ya ibada, hata siku ya maandamano ya mtakatifu mji mzima ukiwa uwanjani, akiwa na kikapu chake, akipita chini ya daraja. Mwaka 1955 alijifungua Régis, na akampeleka kubatizwa kwa njia hiyo hiyo, kwenye tope, Odile akishika mwavuli.

Anselme aliondolewa kwenye nyundo mwaka 1961, akapewa ufagio, akaushika miaka kumi na minane bila kulalamika, na mji ukajua kwamba ni kiziwi, lakini hakuna aliyeunganisha jambo hilo na mlango, na marehemu hakwenda kueleza nyumba kwa nyumba. Alimweleza mumewe tu, majira ya baridi ya mwaka 1991, Anselme alipokuwa kitandani na amebakiza siku chache, yeye akikaa kwenye mwanga ili mumewe amwone midomo vizuri. Anselme alifikiri, kisha akasema, "Si ungeniambia? Ningefungua." Akaongeza, "Wangetucheka nusu saa. Mimi nilikuwa nachekwa kila siku kiwandani." Alifariki tarehe 2 Machi mwaka huo. Marehemu alimsimulia Josiane haya jikoni, wakimenya karanga za porini, na akasema kwamba aibu ya kwanza aliizoea, lakini hii ya pili, ya kuona aibu kwa ajili ya mtu ambaye mwenyewe hakuona aibu, haikumtoka.

Marehemu alivunjika nyonga mwezi Februari 2016, kisha moyo ukaanza kumsumbua, akatunzwa nyumbani. Aliomba siku ikifika apitishwe njia ya mtoni. Mafuriko ya mwezi Machi mwaka huu yaliibomoa njia hiyo chini ya daraja, gari la maiti halipiti, na Josiane alimweleza hivyo, kwa kuwa haikufaa kumdanganya, kwamba itabidi apite uwanjani. Akasema, "Basi mfungue mlango." Na baadaye kidogo, "Wapeni ile divai ya kawaida. Nzuri mnywe nyinyi." Alifariki Jumanne tarehe 7 Novemba 2017, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 93, akiacha watoto wawili, wajukuu watano na vitukuu wanne.

Familia inamshukuru daktari wake, wauguzi waliopanda ngazi za Mtaa wa Wahunzi kila siku, wafanyakazi wenzake wa karakana waliobaki, na jirani wa ghorofa ya chini aliyemletea mkate. Tukitoka hapa tutapita uwanjani, taratibu, na baada ya makaburini nyumba yake iko wazi na bilauri ziko mezani. Waliokuwa mlangoni jioni ile na bado wana miguu ya kupanda ngazi, wanakaribishwa kama wengine. Régis atamimina.

Pumzika, Eulalie. Mlango umefunguliwa, na nje kumenyamaza.