Mama Mashauri na Wiki ya Dawati la Nyuma

Mtu wangu wa chaki, kaa vizuri nikupe habari za Mama Mashauri. Mwalimu Bertha Mashauri wa Kitivo chetu cha Elimu, hapa Kibaha, anastaafu Juni thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulea walimu. Tunamuaga tukipumua, maana nusura aondoke na kitu chetu.

Alianza na Hisabati, akaishia mratibu wa fildi, yule anayewapanga wanachuo kwenda kufundisha mashuleni. Kwake, wiki ya kwanza hushiki chaki. Unakaa dawati la nyuma kabisa na watoto, na ukitaka kusema unanyoosha mkono kama wao. Aliupokea utaratibu huo kwa masista walioanzisha kitivo. Alikuwa anatuambia, chuo cha Kanisa kisichomwona mtoto wa nyuma kimebaki na msalaba wa ukutani tu.

Sasa sikia ya shule ya Masaki, kule Kisarawe, mwaka jana. Twalibu, mwanachuo wetu, mfupi, ndevu hana, shati jeupe, katulia zake nyuma. Mwalimu wa darasa katoka kidogo. Akaingia Dokta Fabian, mhadhiri mgeni aliyetumwa kumtathmini, hajui lolote kuhusu wiki yetu. Akauliza mwalimu wa mazoezi yuko wapi. Darasa zima likaonyesha nyuma. Akaona wanamtania. Twalibu, mtiifu wa watu, akanyoosha mkono.

“Shusha mkono, kijana. Namsubiri mwalimu wako.”

Dokta akarudi Kibaha, akaripoti mtoro. Wakubwa wakawaka: Twalibu afutiwe fildi, na hiyo wiki ife, si mama mwenyewe anastaafu?

Mama hakugombana na mtu. Aliomba kikao cha kuamua hayo kingoje, akamchukua Dokta, wakapakizana mshikaki kwenye bodaboda moja mpaka Masaki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akamkalisha dawati la nyuma, magoti yanagonga mbao. Pembeni yake binti mmoja, Nuria, alikuwa kanyoosha mkono tangu somo linaanza. Mwalimu wa darasa akachagua wa mbele. Akachagua tena wa mbele. Dokta akaona amsaidie, akanyoosha na wake. Mwalimu akadhani mgeni anajinyoosha viungo, akaendelea. Kengele ikalia, mikono yote miwili ingali juu.

Kikaoni Dokta ndiye aliyeanza kusema: wiki ibaki, na Twalibu aombwe radhi. Jamani, tulishusha pumzi! Twalibu kafaulu, na uratibu wa fildi sasa unapita kwa Dokta Fabian, ambaye kaapa kila mwaka ataanza na dawati la nyuma yeye mwenyewe.

Mama, asante sana. Nenda Mbwawa kwenye mihogo yako, upumzike kwa raha, magoti yapone, na Mungu akutunze.

Na wewe, mtu wangu wa chaki, siku ukiingia darasa la watu ukaona kule nyuma mkono umenyooka, na una haraka, utafanyaje?