Makochi ya Pesa za Kwaya

Mama mwenyekiti, wanakikundi wenzangu, na wageni mliokuja kuona tunavyogawana akiba zetu, salamu zenu nyote, wa msikitini na wa kanisani. Nimepewa dakika kumi. Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Magomeni. Wengi mnalijua, na wengine mnalijua kwa ubaya. Huo ubaya leo nausema mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, mwezi wa kumi na moja, pesa za korosho zilikuwa zimeingia. Mnajua mji unavyokuwa msimu ule, mtu anakulipa hata hujampima. Kwaya ya kanisani kwetu ikanipa kazi ya kushona sare za Krismasi, na pesa ya kitambaa wakanikabidhi yote. Kina mama nao wakaleta vianzio, yaani malipo ya awali, vya magauni ya watoto.

Ndugu zangu, sikuwa mwizi. Ila mwaka mzima nilikuwa sijaweka hata shilingi, na Krismasi ilikuwa inakuja kwangu pia. Wakwe zangu walikuwa njiani kutoka Masasi. Nikaona aibu wakae kwenye viti vya plastiki. Nikanunua makochi, seti nzima, rangi ya maziwa. Nikajiambia kitambaa cha kwaya nitanunua kwa vianzio vya wateja watakaofuata.

Waliofuata walikuja na vitambaa vyao mkononi. Walilipa ushonaji tu, na huo ushonaji tukaula. Wiki ya Krismasi ikanikuta sina hata mita moja. Nikafanya nini? Nikafunga banda, nikazima simu, nikaenda Mikindani kwa binamu yangu. Nikamwambia nimekuja kupumzika. Mnacheka, lakini ndivyo nilivyosema.

Sasa, mke wangu anaimba kwaya hiyohiyo. Nilimwacha bila kumwambia kitu. Wanakwaya wakaja nyumbani kunitafuta. Akawakaribisha, wakaketi, wakamuuliza sare ziko wapi. Hakuwa na habari. Akawatazama walivyojipanga pale, akaelewa. Akawaambia, "Wenzangu, nadhani sare zenu ndizo hizo mmezikalia."

Krismasi waliimba kila mtu na nguo aliyokuwa nayo. Habari zikafika Mikindani siku hiyohiyo. Binamu yangu akaniambia, "Kaka, hapa kwangu huna kazi. Nenda kwa mkeo." Nikarudi mchana uleule. Nilipoingia ndani, sebule ilikuwa tupu. Wakwe zangu wako chini kwenye mkeka, wanakula pilau iliyoletwa na jirani yetu, mama mmoja Mwislamu, baada ya kuona jiko letu halifuki moshi.

"Makochi yako wapi?" Yaani hilo ndilo lililonitoka kwanza!

"Nimeyauza juzi," mke wangu akasema. "Pesa anayo mweka hazina wa kwaya, na haitoshi. Kaa hapo, ule, halafu utuambie iliyobaki utailipaje."

Aliyasema hayo mbele ya baba yake. Mzee akanisogezea sahani. Nilikula nimeinamisha kichwa, na nilipomaliza nikawaambia, "Nitashona mpaka deni liishe." Tangu siku ile sijakimbia mtu.

Januari nikafungua banda. Sare za kwaya nilizishona bila malipo, pesa iliyopungua ya kitambaa nikaijazia kidogo kidogo, na Pasaka wakazivaa. Magauni ya watoto niliyapeleka nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Mama mmoja wa Likombe akalipokea la binti yake, akaniambia, "Fundi, huyu Krismasi alivaa sketi ya shule." Nikamjibu, "Najua, mama. Ndiyo maana nimelileta mwenyewe."

Nikaja kuomba kuingia kikundi hiki. Mama mwenyekiti unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema, "Fundi, huku hatuna makochi ya kukukalisha." Watu wakaangua kicheko. Ukataka mdhamini, na mimi sikuwa naye. Akasimama yuleyule mama wa Likombe, kumbe naye ni mwanakikundi. Akasema, "Gauni langu nilishalisamehe, na bado alilileta. Niandikeni mimi."

Mwaka huu nimeweka kila Jumatatu, tangu Januari. Kuna Jumatatu nilileta kiasi kidogo mpaka nikaona haya kukihesabu mbele yenu, na mkakipokea. Na nimejifunza kwamba kianzio cha mteja si pesa yangu. Ni kitambaa ambacho bado kiko dukani. Mwezi uliopita vianzio vilipoanza kumiminika, rafiki yangu mmoja akanifuata na pikipiki anayoiuza, bei ya kutupa. Nilishashika simu nimtumie pesa. Nikairudisha mfukoni, nikaenda sokoni, nikanunua vitambaa vya watu vyote siku hiyohiyo. Niliporudi bandani nilikuwa nafurahi.

Leo nguo za Krismasi zote zimekwisha, zimepigwa pasi, zimetundikwa. Na akiba yangu iko hapa, haijaguswa. Ndani yake kuna mchele wa sikukuu, kuna madaftari ya Januari, na kuna nauli ya kwenda Masasi, maana safari hii sisi ndio tunaowafuata wakwe. Naombeni mniache nijisifu kidogo.

Asante mama wa Likombe. Asante jirani yangu wa pilau. Asanteni wanakwaya, kwa kuendelea kuniletea vitambaa. Kwa wanaoanza leo nina neno moja: Krismasi haijawahi kumvizia mtu, tarehe yake tunaijua sote. Anzeni Januari, hata kama kinachopatikana kinawatia haya.

Sasa mgawo unaanza. Jina langu likisomwa, msiniharakishe. Niacheni nitembee polepole hadi mezani. Mke wangu amekaa pale nyuma, nataka anione vizuri.