Sita Waliingia, Sita Wakatoka

Benchi letu liko nje ya duka la mashine za kufulia, kona ya Tolliver na Mtaa wa Tisa, na kama huna la kugombania usije ukakaa hapo. Kahawa tunanunua kwa Ruthanne, mlango wa pili, kwenye vikombe vya karatasi, pamoja na donati zake zenye jamu. Asubuhi ile theluji ya mwisho ilikuwa bado imelundikana pembeni mwa maegesho, nyeusi kwa masizi, na jua lilikuwa limetoka, jua la Aprili la huku kando ya Ziwa Erie, linang'aa tu bila kumpasha mtu moto. Tulikuwa wanne. Kuna Gesi, jina lake hasa Wilfredo, anatengeneza majiko ya gesi na hasira zake hazihitaji kiberiti. Kuna Jaji, yaani Thurman Oakes, aliyeitwa mara moja tu maishani kukaa na wazee wa baraza mahakamani, kesi ikafutwa kabla ya chakula cha mchana, na tangu siku hiyo hatupumui. Kuna mimi, Lorene, wananiita Posta kwa sababu nilibeba barua za mitaa hii mpaka magoti yakagoma. Na kuna Kaz Dombek, ambaye siku hiyo hata donati yake hakuigusa.

— Wamemfukuza Kaz! Gesi alisema. Mtu mzima na mvi zake, wamemfukuza kama kibaka!

— Hawajamfukuza, nikasema. Wamemwambia asisindikize tena watoto kwenye ziara za shule.

— Ndiyo kufukuzwa huko, Posta! Wewe ulitaka wamrushie mawe ndiyo uite kufukuzwa?

Hata mimi nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu namjua Kaz. Kila mwaka tope likianza kukauka, shule yetu inawapeleka watoto bustani ya wanyama, halafu makumbusho. Walimu hawatoshi, kwa hiyo wazazi na mababu wenye nafasi wanajitolea. Kila mtu mzima anakabidhiwa watoto sita, na watoto wote wanavishwa fulana za njano ili waonekane kwa mbali. Kaz amefanya kazi hiyo tangu binti yake akiwa mdogo, na sasa anaifanya kwa ajili ya mjukuu wake, Marnie, wa darasa la pili. Jumatano iliyopita aliingia bustanini na watoto sita akatoka na sita. Basi lilipofungua mlango pale shuleni ndipo ikaonekana kwamba mmoja wa wale sita si wetu. Ni wa shule ya mji wa jirani, na wao walikuja na fulana za njano. Wetu alikuwa amebaki kwenye bwawa la sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi na masharubu, peke yake, mpaka walinzi walipomwona.

Sasa Ijumaa hii darasa linakwenda makumbusho kuangalia mifupa ya dinosaria. Kaz haruhusiwi. Na Marnie, ambaye mama yake yuko zamu hospitali na hawezi kwenda, ameshasema babu asipopanda basi, naye hapandi.

— Njano ni yetu! Gesi aliendelea. Tangu lini wale wa ng'ambo ya mto wakavaa njano? Walikuwa na kijani! Mimi mwenyewe nimewaona na kijani!

— Labda kijani zilichakaa, nikasema.

— Zilichakaa! Posta, wewe unamwamini kila mtu, ndiyo maana mbwa wote wa mtaa huu wamekung'ata. Wametuiga makusudi. Wameona watoto wetu wanapendeza.

Jaji alinyoosha mguu, akakohoa kile kikohozi chake cha mahakamani.

— Naomba tuliangalie kisheria.

— Haya, ametuanza, Gesi akasema.

— Bwana Dombek alikabidhiwa watoto wangapi? Sita. Alirudisha wangapi? Sita. Makubaliano yalisema sita. Mimi hapa sioni kosa. Mimi ningeifuta kesi hii saa tatu asubuhi nikaenda zangu kunywa chai.

— Mtoto si chupa ya soda, Jaji! nikamwambia. Si kwamba unarudisha yoyote mradi hesabu itimie!

— Sijasema chupa. Nimesema sita.

— Umesema upuuzi.

— Posta, ungekuwa mahakamani ningekutoa nje.

— Ungenitoa nje na nani? Wewe mwenyewe walikutoa saa sita mchana!

Gesi alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali, halafu kwa sababu kahawa imemwagika akakasirika zaidi. Alisema kosa si la Kaz wala la Jaji, kosa ni la bustani yenyewe. Zile njia, alisema, zimepindwa makusudi. Unatoka kwa twiga unajikuta duka la zawadi. Unatoka kwa dubu, duka la zawadi. Unatafuta choo, unaelekezwa katikati ya midoli ya manyoya na watoto wanalia wanataka kila kitu. Watu wale wanataka watu wapotee.

— Na mtoto akipotea, wao wanafaidi nini? nikauliza.

— Bangili! Watauza bangili za mkononi zinazopiga kelele mtoto akienda mbali. Ngoja uone. Kufika Juni kila mtoto ana bangili, na wewe utakumbuka Gesi alisema.

— Mimi nawashuku sili, Jaji akasema.

Tukamwangalia.

— Nawashuku, ndiyo. Kwa nini sili wanalishwa saa ileile mabasi ya shule yanapotaka kuondoka? Sili wakiona ndoo wanaruka, maji yanawarukia watu, watoto wanapiga mayowe, shule hii inachanganyika na ile. Mara moja ni bahati mbaya. Kila siku saa ileile? Wamefundishwa wale. Wanafanya kwa malipo ya samaki.

— Jaji, unataka kumshitaki sili?

— Nataka aitwe atoe ushahidi.

Siku nyingine ningecheka. Lakini nilikuwa namtazama Kaz, amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, kahawa imeshapoa, na ndipo alipoongea kwa mara ya kwanza.

— Niliwahesabu, alisema.

— Si ndiyo tunavyosema sisi! Gesi akadakia.

— Nyamaza, Gesi. Niliwahesabu kama nilivyowahesabu watu kiwandani. Zamu ikiisha nasimama mlangoni kwenye tanuri la chuma, kila mmoja anayepita namgusa bega, namhesabu. Mlango haufungwi mpaka hesabu itimie. Miaka yote ile sikuacha mtu ndani. Hata mmoja. Watu wa viwanda vingine walikuwa wanatolewa asubuhi wamekufa kwa moshi. Wangu wote walilala kwao.

— Tunajua, Kaz, nikasema. Mtaa huu wote unajua.

— Basi na pale niliwagusa mabega. Moja, mbili, mpaka sita. Nikasema twende. Marnie akanivuta koti. Akaniambia, Babu, huyu si wetu.

Gesi alijipangusa kahawa surualini.

— Nikamwambia asivunje mstari, Kaz akasema. Nikamwambia sita ni sita, basi linatungoja. Akaniambia tena ndani ya basi. Nikamwambia asinijibu.

Hilo hatukuwa tumelijua. Mtaa mzima ulikuwa na habari ya fulana, habari ya basi, habari ya mwalimu mkuu kulia ofisini, lakini hilo hakuna aliyekuwa nalo. Nilihisi hasira yangu imekosa pa kukaa. Nilikuja pale kumkasirikia mwalimu mkuu, na nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Gesi akajisogeza mbele kwenye benchi.

— Sawa. Sawa, Kaz. Lakini hebu tuulizane. Yule kijana wa kwao, kwa nini hakusema? Ana mdomo. Anapanda basi la watu, anakaa, anakula bisi za watu, kimya! Mimi nakwambia yule alitumwa. Basi lao halina joto, anajua letu lina joto.

— Ana miaka saba, Gesi, nikasema. Nasikia alisema bwana mmoja mkubwa alimshika bega akamwambia twende. Wewe ungefanyaje?

— Ningepiga kelele!

— Wewe ungepiga kelele hata kwenye basi lako mwenyewe.

— Na yule wetu? Jaji akaingilia, sauti imempanda. Tumwangalie na yeye basi. Kwa nini hakufuata mstari? Kila mtu anamsikitikia, lakini mimi nimesikia alipookotwa walimpeleka nyuma kule, wakampa ndoo, akalisha sili kwa mkono wake. Watoto wangapi wa mji huu wamelisha sili? Mimi nina umri huu sijalisha sili! Yule alijificha makusudi. Alipanga.

— Alipanga! Gesi akapiga paja. Umeona? Na anayeadhibiwa ni nani? Kaz! Mtoto amelisha sili, babu wa watu anakaa nyumbani Ijumaa, na Marnie analia. Huo ndio uonevu ninaousema mimi!

— Mnamsingizia mtoto! nikapaza sauti. Hamna haya nyie? Mtoto ameachwa peke yake katikati ya watu asiowajua, na nyie mmekaa hapa mnakula donati mnasema alipanga!

— Usinifokee, Posta!

— Nakufokea! Na Ijumaa usidhani nitakuja kusimama na wewe mbele ya basi!

Maana ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana jana yake, sote wanne, kwamba Ijumaa asubuhi tutakwenda shuleni, tutasimama mbele ya basi, na halitoki mpaka Kaz apande. Gesi alikuwa ameshawaambia watu kumi. Sasa tulikuwa tumesimama wote watatu, kila mmoja kidole usoni mwa mwenzake, na Ruthanne amefungua dirisha lake atusikie vizuri.

Hapo ndipo tulipomwona yule mama. Alikuwa ametoka ndani kwenye mashine, amekaa mwisho wa benchi na kapu tupu miguuni, anangoja nguo zake zikauke. Hatukumjua. Alikuwa na koti la mvua na macho ya mtu wa zamu ya usiku, na inaelekea alikuwa amesikia mengi.

— Samahani, alisema. Huyo mtoto mliyemwacha, anaitwa nani?

Gesi alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Jaji. Nimepeleka barua kila mlango wa mtaa huu, najua nani ana kaka gerezani na nani anaandikiwa na mke wa mtu, na jina la mtoto yule sikuwa nalo. Nilikuwa nimemtetea sasa hivi kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, na jina sina.

— Ni wa darasa la pili, Jaji akasema.

— Jina, yule mama akasema, wala hakupandisha sauti.

Wote tukamgeukia Kaz. Yeye ndiye aliyekaa naye tangu asubuhi, kwa twiga, kwa dubu, kwenye meza za chakula.

— Ana miwani, Kaz alisema.

Yule mama alingoja.

— Nilimwita mwenye miwani, Kaz akasema. Tangu asubuhi. Wewe mwenye miwani, njoo. Wewe mwenye miwani, usibaki nyuma.

— Alikuwa anaitika?

— Kila mara. Alikuwa anaitika na kukimbia.

Mashine ndani ililia. Yule mama alichukua kapu lake, akasema haya, asanteni, akaingia zake. Nilikaa, kwa sababu magoti yalikuwa yananiuma na kwa sababu sikujua nisimame kwa ajili gani.

Kaz aliiweka kahawa yake chini, pale pale kwenye lami, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka juu. Akaanza kuvuka barabara kuelekea upande wa shule.

— Ndiyo! Gesi akaruka. Huyo ndiye Kaz ninayemjua! Kwa nini tungoje Ijumaa? Twende sasa hivi, tukawaambie ukweli wao! Kaz! Ngoja nichukue kofia!

Kaz aligeuka akiwa katikati ya barabara, gari likasimama kumngoja.

— Siendi kudai kitu, alisema. Nakwenda kuuliza mtoto anaitwa nani.

Akavuka. Gesi, kofia yake mkononi, akakaa.